Mkonge si singa peke yake: mabaki ya Tanga ni ya nani?

Chukua kilo 100 za majani ya mkonge uzipeleke korona, kwenye mashine inayoyasaga majani na kutenga nyuzi. Upande mmoja zitatoka singa, yaani hizo nyuzi, na zikishaoshwa, zikaanikwa na kupigwa brashi, hazitazidi kilo nne. Upande wa pili zitatoka kilo 96 za maji na rojo la kijani. Singa hufungwa belo, zikapanda lori kwenda Tanga mjini, zikapanda meli. Zile kilo 96 husukumwa na maji kwenye mfereji hadi bondeni, zikaachwa huko zioze. Harufu yake mtu aliyekulia kwenye mashamba ya Hale, Magoma au Ngombezi hahitaji kuelezwa.

Mkoa mzima tuliujenga juu ya zile kilo nne. Reli, bandari, miji midogo iliyoota kando ya mashamba, shule, hata majina ya mitaa yetu. Kilo 96 hazijawahi kupata bei. Na kwa kuwa hazina bei, hakuna aliyewahi kuuliza ni za nani.

Naliuliza swali hilo leo kwa sababu maneno mapya yanaingia kwenye mipango ya maendeleo. Kuna kinachoitwa uchumi wa kibayolojia, yaani uchumi unaochota malighafi zake shambani, msituni na baharini badala ya kwenye visima vya mafuta, na unaojitahidi usitupe kitu. Umoja wa Ulaya uliandika mkakati wake mwaka 2012. Finland ikafuata 2014. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilizindua wa kwake mwaka 2022, wa miaka kumi. Bila shaka siku moja mkoa wa Tanga wenye halmashauri zake 11 nao utakaa mezani uandike wa kwake, na nina hofu na jinsi utakavyoandikwa. Utaorodhesha mazao. Utasema tuna mkonge, tuna machungwa, tuna nazi, mwani, chai, viungo, maziwa na misitu. Yote kweli. Lakini Tanga haijawahi kukosa mazao. Tulichokosa kwa zaidi ya miaka 130 ni haki juu ya kile kinachobaki baada ya zao kuondoka, na juu ya kile zao linachogeuka likishafika kwa wengine.

Mwaka 1893 unastahili kukumbukwa katika mkoa huu, maana yalitokea mambo matatu kwa mpigo. Dokta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vikonyo vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Vilikuwa 1,000, na vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62 tu. Vikapandwa Kikokwe, karibu na mdomo wa Mto Pangani, na kutokana na hivyo ndipo likazaliwa zao zima. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea milima ya Usambara, reli ambayo ingefika Moshi takriban miaka 18 baadaye. Na mwaka huohuo, huko Ujerumani, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi ua dogo la zambarau lililotumwa na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili. Ua hilo lilitoka kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Leo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa sana duniani, na kule Ujerumani linaitwa kwa jina la milima yetu. Wenye milima hawajaonja chochote.

Ua likaondoka, mkonge ukaingia, reli ikatandikwa kuelekea bandarini. Hata mkonge wenyewe ulichukuliwa kwa watu wa Yucatán, Meksiko, na jina lake la kibiashara ni jina la bandari yao ndogo iitwayo Sisal. Sisemi haya ili tulilie ya kale. Nasema kwa sababu ramani ile haijabadilika. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, nalo linaishia kwetu, Chongoleani. Jiji letu husifiwa kwa msemo wa waja leo, waondoka leo. Kwa mgeni ni msemo mtamu. Kwa malighafi ndio umaskini wenyewe.

Tuurudie mkonge, kwa sababu ndipo hesabu inapoonekana kwa macho. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, ikaongoza dunia. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa baada ya 1967, na kwa miongo kadhaa zao likazikwa hai. Tangu mwaka 2020 serikali imelirudisha miongoni mwa mazao ya kimkakati, na lengo lililotangazwa lilikuwa tani 120,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu nami. Kwa kiwango cha kilo nne kwa mia, tani 120,000 za singa zinahitaji tani milioni tatu za majani. Maana yake, siku tutakapofikia lengo hilo, tutakuwa tunamwaga karibu tani milioni mbili na laki tisa za mabaki kila mwaka, sehemu kubwa yake katika vijito vinavyoshuka kwenye Mto Pangani. Mafanikio ya mpango wenyewe ndiyo yatakayotuletea tatizo, tusipoyapa mabaki kazi.

Na kazi zipo, zimekwisha kuthibitishwa. Kwanza dawa, maana hili wengi hawalijui. Katika maji yale ya kijani yanayotoka korona mna kemikali inayoitwa hekojenini. Katikati ya karne iliyopita kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliichota kutoka katika mkonge wa Afrika Mashariki kuwa malighafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Yaani wakati babu zetu wanashika pua kando ya mfereji, kuna waliokwisha kujua kwamba mfereji ule una dawa ndani.

Kisha gesi. Miaka ya 2000, pale Hale, Kampuni ya Katani kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na wadau wengine ilijenga mtambo wa kuozesha mabaki ya mkonge na kupata bayogesi ya kuzalisha umeme, ukianza na uwezo wa kilowati 150. Ulitangazwa kuwa wa kwanza duniani wa aina yake. Nakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Wageni walikuja kutoka nje kuutazama. Ilikusudiwa mitambo kama huo ienezwe kwenye mashamba mengine, mkoa wote uwashe taa kwa takataka zake. Uenezi huo haukutokea kama ulivyokusudiwa. Leo ukishuka barabara ya Segera kwenda Tanga, au ukikata kuelekea Mombo, bado utakuta marundo yaleyale na mifereji ileile.

Kwa nini? Wahandisi wana majibu yao, na ni ya kweli: mtambo unataka majani ya uhakika kila siku, unataka fundi anayejua kuulea, unataka bei ya umeme inayolipa. Mimi naongeza la kwangu. Umeme ndiyo kazi ya mwisho kabisa ambayo mabaki yangepaswa kupewa, nasi tuliifanya ya kwanza. Rojo lile lina sukari, lina protini kidogo, lina nyuzi fupi. Kabla hujaligeuza moto, ng'ombe anaweza kula sehemu yake. Uyoga unaweza kuota juu yake, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelifanya hilo. Gesi inaweza kupikia chakula cha shule au kukaushia singa msimu wa mvua, wakati jua limegoma. Na kinachobaki baada ya gesi ni mbolea, ambayo udongo wetu uliochoshwa na zao moja kwa vizazi vitatu unaililia. Umeme uje baadaye, kwa kile kilichosalia. Mpangilio huo ndio mkakati wenyewe. Ukianzia mkiani, mtambo unakuwa wa maonyesho.

Lakini hata mpangilio mzuri hautasimama kama swali la mwanzo halijajibiwa.

Shangazi yangu ana kitalu cha mkonge Korogwe. Yeye ni mmoja wa wakulima wadogo walioingia katika zao hili baada ya mashamba makubwa ya zamani kuanza kugawiwa vitalu, utaratibu ulioanza mwaka 1999 na kuenea kwenye mashamba matano ya Korogwe. Analima, anapalilia, anasubiri miaka mitatu ndipo akate jani la kwanza. Jani likishakatwa lina haraka: likikaa siku mbili tatu bila kukoronwa, singa inaharibika na daraja linashuka. Korona si yake. Anapanga foleni. Msimu mmoja majani yake yalilala barabarani kwa sababu mashine iliharibika, na alipolipwa alikuta gharama za usafiri na za kukorona zimekatwa kamili, na singa zake zimewekwa daraja la chini. Hakuwa na wa kumlalamikia.

Sasa angalieni. Shangazi hulipwa kwa singa, yaani kwa kilo nne. Kilo 96 alizozilima, akazipalilia, akazilipia usafiri, anaziacha korona. Leo hilo halimuumizi, kwa kuwa mabaki ni mzigo na mwenye korona anamsaidia kuyamwaga. Siku mabaki yatakapokuwa mbolea yenye bei, au chakula cha mifugo, au gesi, au malighafi ya dawa, yatakuwa ya nani? Kwa desturi ilivyo, yatakuwa ya mwenye korona. Hakuna atakayemwibia shangazi. Ni kwamba hajawahi kuambiwa kuwa anazo, kwa hiyo hatajua zimeondoka.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na wenye korona. Mashine ni ghali, inakula maji na dizeli, na bila wao zao lisingekuwepo. Mwekezaji anayejenga mtambo wa mabaki anastahili faida yake. Ninachokataa ni thamani mpya kuzaliwa katika zao la watu halafu igawanywe kwa kanuni iliyoandikwa wakati thamani hiyo haikuwepo.

Walio mbali wanatupa mfano mmoja ninaoupenda. Finland ina mkoa wa mashambani unaoitwa Karelia Kaskazini, mpakani na Urusi, baridi kali, watu wachache, misitu tele. Mti ukikatwa huko, gogo linakwenda kwenye mbao, vipande vinakwenda kwenye rojo la karatasi, na maganda na mabaki huchomwa kupasha joto nyumba za mji wao, Joensuu. Watu wetu wakitembelea huko hurudi wakisimulia teknolojia. Jambo la kusimulia zaidi ni hati. Sehemu kubwa ya misitu ya Finland ni mali ya familia za kawaida, na Metsä, moja ya kampuni kubwa za mazao ya misitu nchini humo, mama yake ni chama cha ushirika cha wenye misitu, wanachama zaidi ya 90,000. Mwenye mti ana sauti kiwandani. Kwa hiyo ganda la mti likipata bei mpya, faida ina njia ya kurudi kwake.

Wala hatuhitaji kwenda Finland. Mfano tunao hapa mjini, na kila asubuhi tunaunywa. Miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Uholanzi, mkoa ulianza kuwapa wafugaji wadogo ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani. Maziwa yakazidi soko la mtaani. Wafugaji wakaunda vyama vya msingi, vyama vikaunda ushirika wao wa mkoa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ushirika huo ukawa mbia katika kiwanda cha Tanga Fresh. Kiwanda kimepitia mengi, wafugaji wamelalamikia bei mara nyingi, na watalalamika tena. Lakini mama mwenye ng'ombe wawili Muheza anapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia akijua ushirika wake una hisa mahali maziwa yanapokwenda. Mtindi na samli havikuzaliwa nyuma ya mgongo wake.

Na hapa mambo mawili yanakutana kwa namna inayonisisimua. Ng'ombe wale wa bandani hulia njaa kiangazi, Januari na Februari, majani yakikauka. Kiangazi hichohicho korona zinafanya kazi vizuri, maana barabara zinapitika, na rojo linamwagwa. Wapo wafugaji wa karibu na mashamba ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilichota bure na kuwapa ng'ombe wao, likichanganywa na pumba au mashudu kwa sababu lenyewe peke yake halitoshi. Limefanyiwa utafiti, linaweza kufungwa kuwa saileji, yaani lishe ya akiba iliyochachushwa, likakaa. Ushirika wa mkonge uko Korogwe, ushirika wa maziwa uko Tanga, kati yao ni mwendo wa lori wa saa mbili. Mkataba mmoja kati ya wakulima na wafugaji ungempa shangazi malipo ya kwanza maishani mwake kwa kitu kisicho singa. Haungehitaji mfadhili, wala mtambo. Ungehitaji mizani, turubai na watu wa kukaa kikao.

Tarafa ya Amani, kule milimani Muheza, inatufundisha jambo jingine, la udhaifu wa mnyororo wenye mnunuzi mmoja. Kwenye misitu ya Usambara Mashariki kuna mti unaoitwa msambu. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda yenyewe katika joto la kawaida, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Unilever na washirika wake waliona yanafaa kutengenezea siagi ya mimea. Wanavijiji wakaanza kuokota mbegu na kuuza. Kwa msitu lilikuwa jambo jema, maana mti uliokuwa ukikatwa sasa ulikuwa na sababu ya kuachwa umesimama. Lakini msambu hauna haraka. Ukiupanda leo unasubiri miaka kumi na zaidi ndipo uone tunda, na kati ya miti unayopanda ipo dume ambayo haitazaa kabisa. Mtu anayepanda mti wa namna hiyo anaweka miaka yake mkononi mwa mnunuzi. Mnunuzi akiwa mmoja, na yuko Ulaya, na bidhaa yake inashindana na mafuta ya mawese ya bei nafuu, mkulima amebeba hatari yote huku hana usukani wowote.

Vipepeo yalikuwa yaleyale, ila pigo lilitoka nyumbani. Vijiji vya Amani vilifuga vipepeo, vikauza mabuu yaliyokwisha kujifunga kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Wengi wa wafugaji walikuwa wanawake. Sehemu ya mapato ilijenga miradi ya vijiji, na watu walikuwa na hamu ya kuulinda msitu kwa sababu chakula cha viwavi kilitoka humo. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Sababu ya marufuku ilikuwa nzito, na ninaiunga mkono: kulikuwa na ujangili na utoroshaji wa wanyama. Ila kipepeo aliyezalishwa kwenye kibanda cha mama wa Amani aliingizwa kwenye kapu moja na tumbili aliyenaswa msituni. Kipato kikakatika kwa siku moja. Mkakati wa mkoa lazima uwe na mtu wa kusimama Dodoma na kusema: kabla hamjasaini, huku kwetu kuna hawa. Wakati ule mtu huyo hakuonekana.

Mwani nitaugusa tu. Akina mama wa pwani yetu, kutoka Mkinga hadi Pangani, wanafunga mwani kwenye kamba, wanauanika, wanauza mkavu kwa kilo. Ile aina ya kotonii yenye bei nzuri inakufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na kuifuata kwenye kina kirefu kunataka mashua na kuogelea, vitu ambavyo wengi wao hawana. Hapa mkakati hauna haja ya maneno mengi. Ni mashua.

Machungwa yananiuma zaidi, labda kwa sababu ni ya nyumbani. Msimu wa Muheza ukishika, chungwa linaoza chini ya mti. Dalali anakuja, anatazama mchungwa, anataja bei ya mti mzima kabla halijachumwa hata moja, na mkulima mwenye ada ya shule mbele yake anakubali. Watu husema dawa ni kiwanda cha juisi. Ndiyo, lakini chungwa lina juisi kiasi cha nusu ya uzito wake. Nusu nyingine ni maganda na machicha, na ganda ndilo lenye mafuta yanayotiwa kwenye sabuni, manukato na dawa za kusafishia, na lenye pektini ya kugandishia jemu. Brazil, nchi inayoongoza kwa juisi ya machungwa, haitupi maganda: mafuta yake yanauzwa, na kilichobaki kinakaushwa kuwa chakula cha ng'ombe. Kiwanda kitakachokuja Muheza kikinunua chungwa kwa bei ya juisi na kubaki na ganda bure, tutakuwa tumepanda mkonge mwingine.

Kuna tahadhari ambayo sitaki tuisahau. Kitu kutoka shambani si lazima kiwe chema kwa shamba. Miaka ya 2000 wawekezaji wa mafuta ya mimea waliingia nchini kwa kishindo. Kisarawe, zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji zilitolewa kwa ajili ya mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Kampuni ilianguka kufikia 2011, wanakijiji wakabaki bila ardhi na bila kazi zilizoahidiwa. Bagamoyo ulikuwepo mpango mkubwa wa miwa ya sukari na ethanoli uliokwama miaka mingi hadi ukafa bila kiwanda kujengwa. Miradi yote hiyo ilikuwa ya kijani kwenye makaratasi. Ilianza kwa kutafuta ardhi mpya. Ndiyo sababu nashikilia mabaki: mabaki hayahitaji kijiji kihame. Yapo tayari, yanaoza tayari, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa.

Halmashauri nazo ziko kwenye mtego ambao hauzungumzwi. Sehemu ya mapato yao hutoka kwenye ushuru wa mazao, unaotozwa zao linaponunuliwa kwa mkulima na kusafirishwa. Gari la machungwa likipita geti, shilingi inaingia siku hiyohiyo. Chungwa lililobaki Muheza likageuzwa mafuta ya ganda linaleta mapato kwa njia ndefu zaidi, na mengi yake yanakwenda serikali kuu. Kwa hiyo mkurugenzi wa halmashauri, hata awe na nia njema kiasi gani, bajeti yake inamwombea malighafi iondoke upesi. Sijui mkakati utakaofanikiwa bila kuligusa hilo. Pendekezo langu ni kwamba wilaya yenye kiwanda cha kusindika ibakiziwe sehemu ya kodi inayotokana na kiwanda hicho, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, Tanga iielekeze kwa makusudi kwenye vikundi vinavyosindika. Leo kikundi kinakopa bodaboda. Kingeweza kukopa kikaushio cha maganda.

Soko je? Kuna waliowahi kuniambia kwamba hakuna anayetaka hivi vitu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Siku moja tu, taifa la watu zaidi ya milioni 50 likahitaji mifuko mingine. Mkoa wa mkonge ulikuwa wapi? Pengo lilijazwa na mifuko laini ya rangi rangi, ambayo wengi waliidhani ni ya kitambaa, na ambayo nayo imetengenezwa kwa plastiki. Na hadi leo sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi hutiwa kwenye magunia ya juti kutoka Asia. Soko lilibisha hodi, nasi tulikuwa tumeshapakia belo zote melini. Sehemu ya belo hizo huenda China, ambako mashamba mengi ya mkonge yamepandwa aina ya 11648, mbegu chotara iliyozaliwa hapahapa kwenye vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano. Ujuzi tuliutoa wenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa mkakati wa Tanga uanze na nini, sitasema mtambo wala maonyesho ya uwekezaji. Nitasema uanze na karatasi ya mkataba kati ya mkulima na korona, iongezewe kifungu kimoja: mabaki ya jani ni mali ya mwenye jani hadi atakapoyauza, na mwenye korona akiyatumia atayalipia kwa uzito, au kwa hisa katika kitakachojengwa juu yake. Kifungu hichohicho kiingie kwenye mikataba ya machungwa, kabla kiwanda hakijaja. Bodi ya Mkonge iko hapa Tanga mjini, inaweza kuandaa mkataba wa mfano. AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zina mikutano mikuu kila mwaka, zinaweza kuupitisha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kwenye mkutano wa AMCOS yake. Yalijadiliwa madeni, mbegu, na korona mpya inayosubiriwa. Mwishoni alisimama, akauliza lile swali: mwenyekiti, uchafu unaotoka kwenye jani langu ni wangu au si wangu? Watu waligeuka kumtazama. Mzee mmoja wa nyuma, aliyekata mkonge tangu enzi za manamba, akasema naye angependa kusikia jibu. Mwenyekiti hakuwa nalo, ila aliagiza liandikwe kuwa ajenda ya mkutano ujao, na kwamba mkataba wa korona mpya usisainiwe hadi hapo. Mkonge uliopandwa masika haya utakatwa baada ya miaka mitatu.